Kilichomo Ndani ya Nguzo

Ukishuka kutoka Kamembe kwenda mpakani, watu wengi huangalia ziwa, ama huangalia Bukavu pale ng'ambo, hasa sisi tuliotoka huko. Mimi siku hizi naangalia malango ya watu. Ni tabia ya kazi, haitoki tena. Utaona nguzo mbili za matofali mekundu, moja kushoto na moja kulia, na katikati geti la chuma. Juu ya kila nguzo kuna kichwa. Kozi ya kwanza ya matofali inatokeza nje kidogo, ya pili inaizidi ya kwanza, ya tatu inaizidi ya pili, halafu yanarudi ndani na kufungwa kwa kofia ya saruji. Kwa mbali ni kama mtu aliyebeba ndoo kichwani.

Kile kichwa hakibebi paa. Hakishiki geti. Nguzo ingeweza kuishia bapa tu na geti lingefunguka vilevile. Lakini watu wanalipia, na mafundi tunasifiwa au tunachekwa kwa sababu ya kile kichwa. Kwa nini? Na kilifikaje hapa Rusizi? Hayo ndiyo maswali ya makala hii. Nitayajibu kwa historia, kisha nitaeleza kosa moja nililolifanya mwenyewe, kwa sababu bila lile kosa hii historia ningeiona kama habari za wazungu na makanisa yao tu.

Tuanze kabla ya tofali.

Mnyarwanda wa zamani hakujenga kwa matofali. Alikuwa na rugo: nyumba ya duara ya miti na nyasi, na uzio wa miti na matete unaoizunguka. Uzio ulikuwa na mlango wake mkuu, irembo. Pande mbili za irembo zilisimama nguzo, zinaitwa ibikingi by'amarembo. Mara nyingi zilikuwa za umuvumu, mti wa jamii ya mkuyu, ule ambao ganda lake lilipigwa likawa nguo. Umuvumu una tabia yake: ukikata tawi nene ukalichimbia ardhini, linachipua. Kwa hiyo nguzo ya lango haikuwa mti mkavu. Ilishika mizizi, ikanenepa, ikazeeka pamoja na watu wa nyumba.

Watu wakihama au wakifa, nyumba ya nyasi inaoza kwa misimu michache. Ile miti inabaki. Mpaka leo mzee wa Rwanda anaweza kukuonyesha mivumu miwili katikati ya shamba la mihogo na kukuambia kwamba hapo palikuwa na boma la watu. Mahali palipokuwa makao ya wafalme, miti iliachwa ikawa kijisitu chenye heshima, kinaitwa ikigabiro. Na neno irembo lenyewe halikufa. Tovuti ambayo raia wanaombea vyeti vya serikali imepewa jina hilohilo, Irembo.

Maana ya nguzo za lango, basi, ilikuwepo kabla ya tofali. Nguzo mbili zilisema: hapa wanakaa watu, na kuna mahali pa kusimama ukapiga hodi. Tofali lilikuja likakuta kazi hiyo iko tayari.

Tofali lilikuja lini? Hapa kwetu lilikuja karibu wakati mmoja na mpaka. Mwaka 1896 askari wa Dola Huru la Kongo walipiga kambi Shangi, juu ya ziwa, wakalishinda jeshi la mwami lililotumwa kuwafukuza. Miaka michache baadaye Wajerumani nao wakaweka kituo Shangi. Wazungu hao waligombania nchi za Kivu mpaka makubaliano ya Brussels ya mwaka 1910, na hapo mto Rusizi ukawa mstari. Kabla ya hapo ulikuwa mto tu, watu wanavuka na mbuzi zao.

Katikati ya ugomvi huo, mwaka 1903, Mapadri Weupe walifungua misheni Mibilizi, kwenye vilima vilivyoko leo ndani ya wilaya ya Rusizi. Walikuwa wameanza Rwanda mwaka 1900 kule Save. Watu wa kahawa wanaijua Mibilizi kwa sababu kuna aina ya kahawa yenye jina hilo. Sisi wajenzi tuna sababu nyingine. Misheni za namna hiyo ndizo zilizokuwa shule za kwanza za kuchoma tofali. Padri akifika alijenga kwanza kwa miti na udongo kama kila mtu. Akishazoea mahali, alitafuta bonde lenye udongo mzuri, akaita vijana, wakaanza kukanyaga.

Wasomaji mliokulia Kivu mnaijua kazi hiyo. Udongo unachimbwa kwenye kinamasi, unakanyagwa kwa miguu mpaka unakuwa kama unga wa ugali, unapigwa kwenye kalibu ya mbao. Tofali bichi linalazwa chini ya nyasi likauke polepole, maana jua kali linalipasua. Likikauka, matofali yenyewe yanapangwa kuwa tanuri, na matundu ya kuni yanaachwa chini. Tanuri linapakwa udongo nje, linawashwa, na watu wanalala nalo siku kadhaa. Likipoa, tofali lililokuwa karibu na moto limeiva sana, lile la pembeni limebaki hafifu. Ukigonga mawili pamoja, lililoiva linalia kama kengele. Hafifu linalia kama kopo lililojaa ugali.

Sasa sikilizeni maneno ya kazi hiyo kwa Kinyarwanda. Tofali lililochomwa wanaliita itafari. Tanuri ni itanura. Dirisha ni idirishya. Fundi ni umufundi. Hayo si maneno yaliyozaliwa kwenye vilima hivi, ni Kiswahili chetu. Kiswahili kilifika na misafara, na askari, na watu waliotangulia na mapadri kutoka upande wa Tanganyika na Uganda. Kijana wa Mibilizi alijifunza tofali na neno la tofali siku moja. Mfaransa na Mbelgiji walikuja kuongeza yao baadaye: msaidizi wa fundi anaitwa umuyede, kutoka neno la Kifaransa la msaidizi, na chuma cha zege ni ferabeto. Tofali bichi, lisilochomwa, ndilo lililobaki na jina la nyumbani: rukarakara.

Nasema hivi kwa ndugu zangu wa kambini wanaofikiri Kiswahili ni lugha ya foleni ya maji na ya redio peke yake. Sehemu kubwa ya nyumba za Rwanda imejengwa kwa maneno yetu.

Na kile kichwa chenye ngazi? Wazo lenyewe la kutokeza jiwe juu ya jiwe ni la zamani sana. Huko Mikene, Ugiriki, kuna kaburi lenye zaidi ya miaka 3000, kuba lake lote ni mawe yaliyosogezwa ndani kidogo kidogo, safu juu ya safu, mpaka yakakutana juu. Lakini kilichofika Rusizi hakikutoka Ugiriki. Mapadri na mabruda wengi walitoka Ubelgiji, Uholanzi, Ufaransa na Ujerumani. Nchi za Flanders ni nchi za udongo, mawe ni ya shida, na kwa miaka mamia mafundi wao walijifunza kulipamba tofali kwa tofali lenyewe. Kuta za mbele za nyumba za Bruges zinapanda kwa ngazi. Chini ya mapaa ya makanisa yao kuna mikanda ya matofali yanayotokeza. Mtu aliyekua akiona hivyo, akijenga kanisa kwenye kilima cha Afrika, mkono wake utafanya hivyo.

Tena kulikuwa na sababu ya mvua. Ukuta unaoishia bapa unakunywa maji kutoka juu. Kichwa kikitokeza, maji yanadondokea mbali na mwili wa nguzo, hayateremki kwenye viungo na kuvilainisha. Zamani viungo vilikuwa vya udongo au chokaa. Saruji ilisafirishwa kutoka mbali na ilikuwa ghali, mpaka mwaka 1984 kiwanda cha CIMERWA kilipoanza kuizalisha Bugarama, hapahapa Rusizi. Kwa hiyo kofia ya nguzo ilikuwa urembo na mwavuli kwa pamoja. Kutoka kanisani ikahamia nyumba ya padri, kisha shule, kisha nyumba za wakubwa, kisha lango la mfanyabiashara wa Kamembe. Pale ambapo baba yake alichimbia umuvumu, mtoto alisimamisha matofali.

Siwezi kuandika habari za makanisa ya matofali ya Cyangugu nikanyamaza kuhusu 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mwezi wa nne, watu walikimbilia parokia za Mibilizi, Shangi na Nyamasheke wakiamini kuta hizo, na waliuawa humo. Wengine walipelekwa kwenye uwanja wa Kamarampaka, na walionusurika wakahamishiwa kambi ya Nyarushishi, juu ya kilima, chini ya mahema. Fundi aliyenifundisha alisema neno moja tu juu ya hilo, na sikumuuliza zaidi. Alisema, "Ukuta haulinde mutu. Mutu njo analinda mutu."

Sasa nifike kwa huyo fundi, na kwangu.

Nilivuka Rusizi mwezi wa sita 2004, wakati wa vita vya Bukavu. Nilikuwa na miaka 19. Tulipokewa kwenye kambi ya muda ya Nyagatare, na kutoka pale, kama vijana wengine, nilitoka asubuhi kutafuta kibarua. Nilipata cha muyede: kubeba maji, kukoroga udongo, kupandisha matofali kwenye jukwaa. Fundi alikuwa mzee wa upande wa Mibilizi, aliyefundishwa na baba yake. Alizungumza Kiswahili cha mpakani kama sisi. Kwa mwaka mzima hakuniita jina, aliniita "muyede" tu. Mimi nilimwita mzee.

Siku aliyonipa mwiko, aliniweka kwenye kichwa cha nguzo. Nilifurahi, nikatoa tofali la kwanza nje karibu nusu, nikidhani uzuri ni ukubwa. Alilisukuma kwa kidole kimoja, likaanguka.

"Weye mutoto," alisema, "usitoe yote mara moja. Toa nusu ya kidole, funga, ngoja ikauke. Kisha toa ingine."

Nikamuuliza, kama linatoka kidogo hivyo, watu wataliona?

"Bataona. Jua njo itaonyesha." Kweli, tofali likitokeza sentimita mbili tu, kivuli chake kinachora mstari mzito chini yake. Kozi tatu ni mistari mitatu. Kinachopamba ni kivuli. Tofali linakazia tu.

Kisha akanieleza jambo ambalo nimelirudia kwa kila kijana niliyemfundisha tangu hapo: "Tofali yenye kutoka inje, nguvu yake iko ku mukia."

Mkia ni ile sehemu usiyoiona. Tofali la kwetu lina urefu wa kama sentimita 20. Ukililaza kwa urefu kando ya ukuta, upana wake wa sentimita 10 tu ndio unaokaa. Ukilitoa nje, linabaki na kidogo cha kushikia. Lakini ukiliingiza kwa kichwa, yaani mbele uonekane upande mfupi na urefu wote uingie ndani, ukilitoa sentimita mbili bado sentimita 18 ziko ndani, na uzito wa kozi ya juu unakalia ule mkia. Ndiyo maana kwenye kichwa cha nguzo unachagua matofali mazima, yaliyoiva, yanayolia kama kengele. Pembeni, ambapo tofali linatokeza pande mbili, unachagua bora kuliko yote. Vipande havikai nje. Na katikati ya nguzo hapabaki pango.

Hesabu yake unaweza kuijaribu leo bila saruji. Chukua matofali manne yaliyo sawa na uyapange moja juu ya jingine kwenye ukingo wa meza. La juu kabisa linaweza kutoka nusu ya urefu wake juu ya la pili kabla ya kuanguka. La pili linaweza kutoka robo juu ya la tatu, la tatu sehemu moja ya sita, la nne sehemu moja ya nane juu ya meza. Jumlisha: la juu limepita ukingo wote, liko hewani, na halianguki. Mkono ukiwa mtulivu watoto wataona ni uchawi. Angalieni lakini: la chini kabisa ndilo linalotoka kidogo kuliko yote. Mwenye kubeba wengine hana ruhusa ya kutoka sana.

Hayo yote niliyajua ilipofika 2007. Sikukosa kwa kutojua.

Mwaka huo mtu mmoja alitupa kazi ya lango. Alitaka nguzo ndefu za mita mbili na nusu, na vichwa vikubwa vya kozi tano kama alivyoviona mahali fulani. Saruji aliyotupa haikutosha vichwa hivyo. Mzee aliugua homa, akaniambia nisimamishe kazi mpaka arudi. Sikusimamisha. Nilikuwa na njaa ya pesa, na nilitaka sana ionekane kwamba mkimbizi naye ni fundi. Nikajenga kozi tano peke yangu. Matofali mazima yalipopungua, nilivunja vipande nikavipanga mbele, uso mzuri nje, nyuma hakuna kitu. Katikati nilijaza changarawe ya matofali na udongo mkavu. Saruji niliyobakiza nikaitumia kupiga viungo vya nje, vikang'aa. Mwenye nyumba alifurahi. Wapita njia walisimama kuangalia. Mzee alipopona akaja, akaangalia juu kwa muda mrefu, akauliza, "Ulipata tofali wapi?" Nikamwambia zilitosha. Huo ulikuwa uongo, na alijua.

Jumapili tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, watu wakiwa kwenye ibada, ardhi ilitetemeka. Vipimo vilisema 5.9, na kitovu kilikuwa kaskazini ya Bukavu. Walio Kivu wakati ule hawajasahau. Upande wa Rwanda peke yake walikufa watu zaidi ya 30, hasa Rusizi na Nyamasheke, na mamia waliumia. Wengine walikufa Bukavu. Kuna makanisa yaliyowaangukia waumini humo ndani.

Mtetemeko una namna yake ya kuchagua. Unaanza na kilicho juu, kizito, na kisichoshikwa: pembe za kuta chini ya paa, ukuta wa juu wa mbele, bomba la moshi, kichwa cha nguzo. Urembo njo unatangulia kuanguka, kwa sababu mara nyingi ndipo mafundi tunapodanganya.

Nilikimbia kwenye lile lango kabla ya kwenda kwingine, na sikujiuliza kwa nini. Nguzo ya kulia ilikuwa na nyufa. Ya kushoto ilikuwa imepoteza kichwa chote. Chini ya nguzo hiyo, upande wa barabara, palikuwa na meza ya mama mmoja aliyeuza avokado na ndizi kila siku kwa sababu ya kile kivuli. Meza ilikuwa imekatika katikati chini ya matofali yangu. Mama alikuwa kwenye ibada, na kule alikokuwa hakuna kilichoanguka. Nilimwona jioni akija kutafuta beseni lake. Sikuweza kumsalimia.

Jirani, kwenye boma la zamani, kulikuwa na mivumu miwili ya irembo, mikubwa kuliko mtu anavyoweza kuikumbatia. Haikuwa imedondosha hata tawi.

Mzee alifika siku ya pili. Aliinama, akaokota kipande kimoja cha mbele, kizuri, kina saruji usoni. Akakigeuza. Nyuma kilikuwa kimevunjika, hakijagusana na chochote. Akanipa mkononi.

"Huyu hakukuwaka na mukia," alisema. Basi. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Tulibomoa nguzo zote mbili. Nilirudisha pesa ya vichwa, na meza mpya ya yule mama niliinunua kwa malipo ya wiki tatu. Kisha tulijenga upya. Safari hii tuliacha shimo katikati ya nguzo, tukasimamisha ferabeto kutoka msingi mpaka juu, tukajaza zege kozi chache kwa wakati. Vichwa vilikuwa vya kozi tatu, kila moja ikitoka sentimita mbili, matofali mazima yenye mikia. Mwenye nyumba alinung'unika kwamba ni vidogo. Mzee alimjibu, "Ni vidogo, lakini viko." Mwezi wa nane 2015 kulikuwa na mtetemeko mwingine upande wa Bukavu. Nilikuwa nimeshahamia kambini mbali. Nilimpigia mzee simu. Kabla sijauliza alisema, "Vingaliko."

Ndiyo maana nimeandika historia hii kwa kuanzia na umuvumu. Kwa muda mrefu nilifikiri nguzo ya matofali ni maendeleo na nguzo ya mti ni ushamba. Sasa naona zote mbili zinaulizwa swali moja: nyuma ya uso wako kuna nini? Umuvumu unajibu kwa mizizi, na tofali linajibu kwa mkia. Yule bruda wa kwanza aliyefundisha kozi inayotokeza alilijua hilo, na kijana wa Mibilizi aliyejifunza kwake alilijua, ndiyo maana kazi zao zimefika mpaka kwetu. Asiyejua alinakili sura tu, na sura ikaanguka. Mimi nilijua nikanakili sura vilevile.

Kambini kwetu hatujengi nguzo za lango. Nyumba zimebanana, kuta ni za udongo, na ardhi si yetu. Lakini kuna mafunzo ya ujenzi kwa vijana, na mimi nafundisha siku mbili kwa wiki. Matofali ni machache. Kwa hiyo tunajenga kwa udongo bila saruji, na jioni tunabomoa, tunasafisha kila tofali, kesho kundi jingine linaanza upya na matofali yaleyale. Vijana hawapendi. Binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, tutajenga lini kitu cha kubaki?" Sikuwa na jibu la swali hilo, na sitajifanya kuwa nalo hapa.

Lakini nilimwonyesha kitu. Jioni ile nguzo yake ilikuwa imesimama, nzuri, kozi tatu za kichwa, kona zimenyooka kwa timazi. Nguzo ya kijana mwenzake ilikuwa nzuri zaidi. Tukaanza kubomoa kutoka juu. Ya yule kijana ilifunguka, ndani tukakuta vipande. Ya binti ilitoka tofali moja moja, zima, kila moja na mkia wake. Wote waliona. Hakuna aliyehitaji kuambiwa nani amefaulu.

Ndugu wa mashirika wanaotutembelea hupenda kuja saa nne asubuhi, na wanapiga picha nguzo zikiwa zimesimama. Karibuni sana, na picha ni nzuri. Ila nawaomba siku moja mje saa kumi na moja jioni, tunapobomoa.